Masika Niliyoamia Mpunga

Faki alipofariki sikuambiwa siku ile ile. Habari nilizipata kwa simu, maziko yamekwisha, nikaenda Mtambile siku ya tatu kwenye hitima. Nilikaa ukumbini pamoja na wanawake wengine, goti limenikaza, nimeshika kikombe cha chai ya mdalasini nisichokinywa. Time, dada yake marehemu, alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba, amejitanda kanga hadi puani. Miaka mingi ilikuwa imepita hatujaonana. Aliponiona alijisogeza nipate pa kukaa. Msichana mmoja, mjukuu wa marehemu, akaniuliza kwa adabu, "Bibi, na wewe ulimjuaje babu?" Nikamwambia, "Tuliamia bonde moja." Akaitikia kwa kichwa, lakini nilijua hakunielewa. Watoto wa siku hizi mchele wanauona umo ndani ya gunia, hawajui kwamba kabla haujafika humo kuna mtu alikaa juani miezi miwili akigombana na ndege. Time aliniminya kidole. Yeye alijua kwamba sikumjibu mtoto yule hata robo ya alichouliza. Nimerudi nyumbani, nimekaa na jambo hili wiki nzima, na sasa naliandika lilivyokuwa, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kulikasirikia ameshazikwa.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, nakaa Mgogoni kwa shangazi yangu, Bi Mwache. Kilichonipeleka kwake si habari ya leo. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na ukumbi, jiko nje. Chumba changu ndimo yalimowekwa majembe, mitego ya panya na mbegu za mpunga, na ukuta wake haukufika juu, ukaacha nafasi ya mikono miwili chini ya paa. Kwa hiyo kila kilichosemwa ukumbini nilikisikia, nikitaka nisitake. Chumba cha pili alilala shangazi. Ukumbini alilala mwanawe, kaka Kombo, kijana wa miaka ishirini na nne, kifua kipana, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha kwa chumvi, au wali wa jana uliopashwa moto na tui. Shangazi alikuwa na desturi ya kunipa ukoko akisema, "Kula, unakwenda vitani." Alikuwa anatania, lakini kwa ndege hakuwa na utani hata kidogo. Mume wake alikuwa amekufa, na ndege walikuwa wanakula chakula cha mjane.

Kuamia ni kazi ya macho kabla haijawa ya mikono. Katikati ya majaluba yetu, vile viwanja vya mpunga vyenye matuta, palikuwa na dungu, jukwaa la miti lenye paa la makuti, juu kupita kimo cha mtu. Ng'ambo ya mfereji, hatua kama sabini, palikuwa na dungu la pili, la kina Time. Baada ya sala ya alfajiri tu nilikuwa nimeshapanda. Masika yale mvua ilinyesha vizuri, mpunga ukasimama, na ulipoanza kutia maziwa, ndege wakajua kabla yetu. Wa kwanza walikuja tongo, vijindege vya kahawia vidogo kama kidole gumba, makundi kwa makundi, wanaangukia suke moja watatu wanne mpaka linainama majini. Jua likipanda walikuja mnana, manjano tupu, na kelele zao. Ninga walipita juu, mabawa yanavuma, wanakwenda kwenye mikuyu, hao hawakutudhuru. Yangeyange walitembea kwenye maji kama wenye shamba, wakichoma vyura kwa midomo. Dudumizi alikuwa ndani ya matete, hatumwoni, tunamsikia tu, sauti kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi wa shingo nyembamba. Na mwewe alizunguka juu ya wote, akingoja sisi tujeruhi ili yeye amalizie. Nilijifunza nani anakuja saa gani, nani anaogopa kelele na nani haogopi, nani hutanguliza mmoja aje kupeleleza. Sijasoma sana, lakini somo lile nililisoma mpaka mwisho.

Aliyenifundisha kupiga teo, kombeo la kamba, ni Faki. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, mkimya, mikono mirefu. Teo lake alilisuka mwenyewe kwa ukindu, kamba mbili na kitanga katikati cha kukalia kidonge. Mawe bondeni hakuna, tulitumia udongo wa mfinyanzi, tukauviringa ukubwa wa ndimu changa na kuukausha kwenye jivu la moto hadi ukawa mgumu kama mfupa. Mwanzo nilijipiga mwenyewe sikioni. Time alicheka hadi akakaribia kuanguka kutoka kwenye dungu. Faki hakucheka. Alivuka mfereji, akasimama chini yangu, akaniambia, "Wewe unalitazama kundi zima. Kundi hulipigi. Chagua mmoja, ntazame jicho, basi. Nkono utajua njia." Siku ya tatu nikampiga mnana wa kwanza. Alianguka kimya, kama tunda. Nilipomwokota alikuwa bado ana joto, na tone moja la damu limekaa kwenye mdomo wake. Faki akamfunga miguu kwa ukindu na kumtundika kwenye mti wa dungu ili wenzake wamwone. Kufika mwisho wa wiki ya pili walikuwa wamening'inia kumi na tisa, wengine wameshaanza kunuka, na mimi nilikuwa natazama bonde kwa fahari. Adhuhuri tuliwachoma wale wabichi juu ya makaa, chumvi na ndimu, tukawatafuna na mifupa yao. Sasa hivi nikiandika nausikia mlio ule kichwani mwangu. Wakati ule niliusikia na kuomba mwingine.

Lakini sitasema uongo kwamba nilikuwa nawachukia. Mnana walikuwa wamejenga kwenye matete ya kichwani mwa mfereji, vioto vingi vinaning'inia juu ya maji kama vikapu vya mtoto, na saa za jua kali, ndege wanapopumzika, mimi na Time tulikwenda kuwatazama. Dume huchana jani refu, huruka nalo linamfuata nyuma kama uzi, hulipitisha huku na huku kwa mdomo mpaka linafunga fundo. Akimaliza hujining'iniza chini ya kioto, anapigapiga mabawa, anamwita jike. Jike huja, huingia, hutoka, akikikataa huondoka. Dume yule hukaa kidogo, kisha hukibomoa chote kwa mdomo wake, jani moja moja, na kuanza upya. Mmoja tulimwona amekataliwa mara tatu. Time akasema, "Masikini, ntu huyu hana bahati." Tukawa tunamwita Bwana Hana Bahati, na jike la nne lilipokikubali kioto chake tulipiga makofi kwa furaha. Shangazi alitukuta hapo. Alisimama nyuma yetu na ufito mrefu begani, akasikiliza makofi yetu, kisha akauliza kwa upole, "Mnawatazama?" Tukashusha mikono. "Mnatazama meno ya wanaokuleni." Akanipa ufito. "Vunja."

Nilivunja. Ndivyo nitakavyosema, bila ya kujitetea. Mwanzo nilipiga kwa woga, kioto kimoja kikapasuka, vifaranga vitatu vikaanguka majini, vipofu, midomo wazi. Kisha mkono ukapata moto. Sikumbuki nilivunja vingapi. Nakumbuka mayai ya rangi ya samawati yakielea, na Time analia huku naye anapiga, na wakubwa wao wakituzunguka kichwani wakipiga kelele ambayo sijasikia mfano wake. Shangazi alisimama ukingoni na kila kilichoelea alikisukuma chini kwa kisigino. Tulipomaliza alituosha mikono kwa maji ya mtungi wake, mmoja mmoja, kama anayeosha watoto kabla ya chakula. Baada ya siku ile nilipiga vizuri zaidi. Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilitoka kwangu pale kwenye matete. Najua tu kwamba hakikurudi upesi.

Mwaka huo huo siasa ilishuka bondeni. Sitavitaja vyama, wanaovijua wanavijua, na wasiovijua hawatapungukiwa na kitu. Ilitosha kwamba upande wetu wa mfereji walikuwa wa chama kimoja na upande wa pili wa chama kingine, na kabla ya hapo mfereji ulikuwa mfereji tu. Niliisikia ikija kwa juu ya ukuta wangu. Kwanza walikuwa wanawake watatu wakisuka ukili pamoja na shangazi ukumbini: fulani kafiwa na hakuna aliyekwenda kuosha maiti kutoka upande huu, wamezika wenyewe. Kisha duka lile tusinunue. Kisha kisima kile tusichote. Kisha kaka Kombo akaanza kwenda Wete kwenye mikutano na kurudi sauti imemkauka kwa kupiga makelele, na maneno yake yakawa mapya, ya kukatakata. "Wale si watu wa kukaa nao bonde moja," alisema jioni moja akila. Shangazi akamjibu, "Kombo, wale wamechimba mfereji pamoja na baba yako." "Basi na maji ni ya baba yangu," akasema. Nilisubiri shangazi amkemee. Nilisikia kijiko tu kikikwangua sufuria. Kesho yake akaniambia nisivuke tena mfereji, na msichana yule asikanyage upande wetu. Hata jina la Time hakulitaja.

Kwa hiyo tukaamia tukitazamana. Nilikuwa juu ya dungu langu, Time juu ya lake, hatua sabini, na baina yetu mpunga na ndege. Ndege hawakuwa na chama. Wakifukuzwa kwetu waliangukia kwao, wakifukuzwa kwao waliangukia kwetu. Zamani tulikuwa tukiwinga kwa zamu, mmoja anapiga ukelele na mwenzake anangoja na teo. Sasa kila mtu alimtupia mwenziwe ndege, na wakubwa wetu wakaanza kusema kwamba tunafanya makusudi. Huenda kweli tulifanya. Faki alikuja mara mojamoja kwenye dungu lao. Hakunitazama. Mimi nilimtazama. Nilikuwa na miaka kumi na sita na yeye ndiye mtu wa kwanza aliyesema na mimi kama mtu mwenye mkono wa kazi, naomba nieleweke kwa hilo na nisiulizwe zaidi.

Asubuhi ya ugomvi jua lilikuwa limeshapanda na umande umekauka. Nilimwona kaka Kombo anakuja juu ya tuta na jembe begani, nyuma yake vijana wanne. Nilidhani wanakwenda kulima. Alipofika pale mfereji unapogawa maji, aliteremka na kuanza kuvunja tuta la kina Faki. Mpunga uko kwenye maziwa, ukiuondolea maji siku hizo umeuua. Time alipiga ukelele kutoka juu ya dungu lake, na haukuwa ukelele wa kuwinga. Ndege wote wa bonde lile waliruka kwa pamoja. Faki alitoka mbio kwenye migomba na panga mkononi, na watu wa kwao nyuma yake wenye mipini na magongo.

Watu husimulia ugomvi kana kwamba una mwanzo na kati. Nilichokiona mimi ni matope. Walikuwa kumi au kumi na wawili ndani ya maji ya magoti, mpunga unalala chini yao, na sauti ya gongo likimpata mtu mgongoni ni nzito na fupi, si kama unavyodhania. Mzee mmoja wa kwao alipigwa mdomoni akakaa majini, anatema meno kiganjani na kuyatazama. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa ameshikwa kichwa chini ya maji, miguu inapigapiga, mpaka mtu akampiga teke aliyemshika. Faki na kaka Kombo walikutana pale penye tuta lililovunjwa, kama hatua sabini kutoka dunguni kwangu. Kombo alizungusha jembe, Faki akaliepuka, na mpini ukateleza kutoka mikononi mwa Kombo. Akaanguka chali. Faki alisimama juu yake. Uso wake sikuwahi kuuona vile. Akainua panga kwa mikono miwili.

Kidonge kilikuwa tayari kwenye teo. Kilikuwa tayari tangu Time alipopiga ukelele. Wapo walioniambia baadaye, wakitaka kunisaidia, kwamba bila shaka nililenga mkono, au panga, au nilirusha tu kumtisha. Sikulenga mkono. Nilimtazama jicho kama alivyonifundisha mwenyewe, nikazungusha mara moja, nikaachia. Panga lilianguka kabla yeye hajaanguka. Alijishika uso kwa mikono yote miwili, na damu ikapita katikati ya vidole, akapiga magoti, na sauti aliyoitoa ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto. Kidonge chenyewe kilivunjika vipande vipande na kupotea matopeni. Wakati huo huo Kombo alikuwa ameshaokota mpini wa jembe, na watu walipogeuka walimwona yeye amesimama na mpini, na Faki chini anavuja damu. Akawatazama. Akautazama mpini. Kisha akauinua juu na kupiga kelele, "Mkono wangu huo! Nani mwingine?"

Polisi walikuja kutoka Wete adhuhuri. Faki alipelekwa hospitali, na jicho lake la kulia halikuweza kuokolewa. Kombo alichukuliwa amefungwa pingu, akaenda nayo kifua mbele, na upande wetu wanawake wakampigia vigelegele. Mahakamani hakukana. Alipewa kifungo cha mwaka mmoja. Nyumba ya shangazi ikajaa watu, watu wasiowahi kutukanyagia wakaja na mchele, na nazi, na maneno. "Umezaa simba, Bi Mwache," walimwambia. Nilikuwa jikoni nakuna nazi zao. Shangazi alicheka mbele yao, na walipoondoka alikaa juu ya kinu, akajifunika uso kwa kanga. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Akasema, "Usiseme kitu, Mize. Chochote ulicho nacho, kimeze." Mpaka leo sijui kama alijua.

Nilirudi kwenye dungu, lakini mkono ulikataa. Nilikuwa nikiweka kidonge kwenye teo, namwona ndege, naona jicho lake, jeusi, dogo, lenye mwanga wa jua ndani yake, na vidole vinalegea. Basi nikakaa nikatazama tu. Tongo waliangukia mpunga wa shangazi nikawatazama. Mnana waliobaki walikuwa wamejenga tena pale pale kwenye matete, wamejenga juu ya vile tulivyovivunja. Dungu la pili lilikuwa tupu. Mpunga wa kina Faki ulikuwa umekauka ukawa kama majani ya kuezekea, hapakuwa na kitu cha kuamia.

Mwezi ulipotimia nilivuka mfereji. Nilikwenda mchana, wazi, wasije wakasema nimewavizia. Faki alikuwa amekaa barazani kwao, kitambaa cheupe kimezunguka kichwa, na mama yake, Bi Hadia, amekaa mlangoni anachambua choroko kwenye ungo. Time aliponiona aliingia ndani. Nilitoa salamu, ikaitikiwa. Sikujua njia ya kuzunguka, nikasema hapo hapo nimesimama, "Si Kombo. Ni mimi."

Ungo wa Bi Hadia ulisita. Faki aligeuza kichwa, ilimbidi akigeuze chote ili anione. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Kombo alikuwa chini, mie niko juu. Mpini ungenipata vipi usoni? Na n'lisikia teo. Nilimfunza mwenyewe anayelipiga, nisiujue mlio wake?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mahakamani. Alicheka, na kicheko kile kilinitisha kuliko panga. "Niseme kitu gani? Kombo kataka mwenyewe. Kavunja tuta letu, kaua mpunga wetu, akakaa mbele ya hakimu akijisifu. Mie nimwokoe? Na aoze huko. Wewe nenda zako nyumbani. Jicho halirudi."

Njiani nililia, lakini si kwa huruma. Nilikuwa nimeona kitu kilichonizidi umri: kwamba uongo ule ulikuwa wa watu watatu, na kila mmoja alikuwa anafaidika nao. Kombo alipata ushujaa, Faki alipata kisasi, na mimi nilipata kulala usiku, ingawa usingizi wenyewe haukuja. Siku mbili baadaye nilikwenda Wete kwa miguu, nikaingia kituo cha polisi peke yangu, na kumwambia bwana mkubwa wa pale, mtu wa makamo mwenye miwani, kwamba wamefunga asiye mwenye kosa. Aliniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sikutumwa. Askari wake wawili walicheka. "Hatua sabini?" akauliza. "Wewe? Jicho?" Akavua miwani na kuifuta. Kisha akanitoa uani, akanionyesha embe moja bichi lililoning'inia kwenye mti wa jirani, mbali, karibu na ukuta wa pili. Mkono ulikuwa umekataa mwezi mzima. Nikafikiri utakataa tena, nami nitarudi nyumbani nimeshasema na sikuaminiwa, na itakuwa si kosa langu tena. Nilitamani ukatae. Nikatoa teo na kidonge nilivyokuja navyo, nikazungusha mara moja. Embe lilipasuka, kikonyo chake kikabaki kinacheza. Hakuna aliyecheka. Bwana mkubwa alisema, "Njoo ndani, mwanangu. Anza mwanzo."

Mambo yale yalichukua wiki nyingi, na nilisimamishwa mbele ya hakimu, na Faki aliitwa tena, na alipoulizwa kwa kiapo hakuweza kusema uongo. Hakimu aliniambia nimeokoa mtu na nimeharibu mtu kwa pigo moja, na kwamba nitakaa na hilo bila ya yeye kuniongezea. Kombo akaachiwa. Nilidhani atanishukuru. Alirudi Mgogoni siku ya Ijumaa, na kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshasikia. Madukani walimwita Simba wa Mize. Watoto walimfuata nyuma wakizungusha kanga zilizochakaa juu ya vichwa kama teo. Wale waliotuletea mchele walipita mbali.

Nilikuwa jikoni nageuza samaki kwenye mafuta. Aliingia na mchi wa kinu mkononi. Hakunitukana. Alisema tu, "Nani alikutuma useme?" Nikainua mkono wa kulia kujikinga uso, na mchi ukaupata hapo hapo, baina ya kiwiko na kifundo. Nilisikia ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Alipiga tena mgongoni, na tena, sufuria ikapinduka, mafuta yakamwagika motoni, moto ukaruka. Shangazi alikuja mbio kutoka kisimani na kujirusha juu yangu, mwili mzima, kama mtu anayefunika mtungi. Kombo aliinua mchi juu ya mama yake. Ukakaa juu. Shangazi, bila ya kugeuka, akamwambia, "Toka ndani ya nyumba yangu." Akauacha mchi ukaanguka, akatoka. Alikwenda Unguja wiki ile ile na hakurudi kukaa.

Mkono ulivimba ukawa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na mfupa ulionekana umesukuma ngozi. Barabara ya Wete ilikuwa imekatika kwa mvua za vuli. Fundi wa mifupa katika bonde zima alikuwa mmoja, na alikuwa Bi Hadia. Shangazi alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hatakanyaga uwanja wa nyumba ile mpaka kufa kwake. Nilimwona anajitanda kanga. Nilimwona anasimama mlangoni muda mrefu akiutazama mfereji uliojaa. Kisha akalipandisha pindo la kanzu na kuvuka, maji yamemfika kiunoni.

Sikutegemea kwamba atarudi na mtu. Bi Hadia aliingia na furushi la vijiti vya mwanzi, nguo na majani ya kuchua, na Time nyuma yake ameshika taa. Hakumsalimu mtu. Alikaa chini kando ya kitanda changu, akaushika mkono, akauchunguza kwa vidole kuanzia bega, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Alipofika penyewe nilipiga kelele.

"Huu ndio nkono?" akaniuliza.

Nikasema, "Ndio."

Alinitazama usoni muda mrefu. Nilifikiri atauvunja mahali pengine. Shangazi naye alifikiri hivyo, kwa sababu niliona amesogea. "Nshike mabega," Bi Hadia alimwambia, "na usinwachie." Akauvuta. Sitayaeleza maumivu yale. Nililia kwa sauti zangu zote, na yeye akaendelea kuvuta, akasema bila ya hasira, "Lia. Mwanangu naye alilia." Mfupa ukarudi mahali pake kwa mlio mdogo. Akapaka majani, akafunga nguo, akapanga vijiti kimoja kimoja kuzunguka mkono, akakaza kamba, akalegeza kidogo, akakaza tena, mpaka aliporidhika. Jasho lilikuwa linamtiririka puani. Time alinipangusa uso kwa ncha ya kanga yake.

Shangazi akaleta maji ya kunawa. Bi Hadia aliyatazama yale maji, na alikuwa hajagusa kitu cha nyumba yetu tangu siasa ilipoingia. Akanawa. Akakusanya vitu vyake, akainuka, na alipofika kizingitini akasema, "Usiuinue huo siku arubaini. Kesho ntakuja kuutazama."

Akaja. Akaja kila siku, siku arubaini, na siku ya mwisho alipoufungua mkono ulikuwa umepinda kidogo, kama ulivyo mpaka leo ninapoandika kwa huo huo.